Zawadi ya Shemeji Mkimbiaji

Jumatatu, 5 Agosti 1946

Barua ya mke wangu imefika. Jael hajui kuandika, huandikiwa na katekista, kwa hiyo nusu ya barua ni baraka. Nusu ya pili ni amri. Ati mdogo wake Joab atakimbia mbio kubwa hapa Mombasa mwisho wa mwezi, nyumbani watu wote wanajua, na mimi mume wa dada yake, ninayelala naye chumba kimoja, nimempa nini? Nimtafutie zawadi. Zawadi ya kumsaidia katika mbio, si sukari.

Nimeisoma mara mbili. Nimebeba simiti tangu alfajiri, mgongo umekuwa ubao, na huko wanadhani nimekaa nachagua zawadi.

Maili ishirini na sita. Kuzunguka kisiwa hiki chote mara tatu. Mtu akishazunguka mara moja, si ameona yote?

Joab hubeba magunia bandarini kama mimi, kundi moja, nyapara mmoja. Jioni wanaume wanakaa chini kupumzisha mifupa. Yeye anavua shati na kukimbia. Hafukuzwi na mtu. Hakuna anachokifukuza. Anarudi ameloa, anakunywa maji kama ng'ombe, anaomba, analala. Halafu anakoroma.

Siwezi kumwambia neno. Shemeji hatukanwi. Ndiyo maana naandika humu, tena kwa Kiswahili. Joab husoma Biblia ya Kijaluo tu. Herufi za Kiswahili humpa usingizi.

Jumatano, 7 Agosti

Leo nimejua kwa nini anajitesa. Tom, nyapara wetu, ametuambia wakati wa kula. Bwana mwenye mbio ametangaza kwamba Mwafrika atakayekuwa katika kumi wa kwanza ataandikwa kazi ya kudumu. Si kibarua cha kungoja meli. Kazi ya kila mwezi, na chumba juu yake.

Chumba! Joab alioa mwaka jana, akakaa na Ketty wiki mbili tu, akapanda gari la moshi. Akipata chumba atamleta.

Basi nataka ashinde. Si kwa kumpenda. Chumba chetu hapa Majengo hakiwatoshi mbuzi wawili, na nimechoka kugeukia ukuta kila anapovaa suruali, maana uchi wa shemeji hautazamwi. Miezi kumi na minne nautazama ukuta ule. Naujua kuliko ninavyoijua sura yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeuliza watu zawadi gani inafaa. Kosa langu. Ukiuliza watu wa Mombasa shauri, hata asiyekuwa na shati ana shauri.

Tom anasema viatu. Dzoro, mwenzetu wa Rabai, anasema kwao kuna mzee ana mizizi, ukijipaka magotini hujui kuchoka. Nikamwuliza mbona wewe huchoka kabla ya saa nne? Akasema mizizi si ya magunia, ni ya mbio.

Bi Mwanakuu, mwenye nyumba, amefunga. Kutwa yuko barazani, midomo mikavu, lakini ulimi una nguvu zake zote.

"Oloo, huyu shemejiyo akimbilia wapi kila jioni? Nyumba yaungua?"

Nikamwambia anajifunza mbio.

"Mbio hufundishwa? Mbona mbwa hajasomeshwa na yuwakimbia?"

Nikamwuliza zawadi.

"Mpe kitanda. Mtu akiwa na kitanda kizuri hatoki nje kukimbia."

Ndilo shauri bora nililolipata. Halifai kitu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeazima raba za Tom ili Joab azijaribu kabla sijanunua. Miguu ya Joab haijaingia kiatu tangu azaliwe. Vidole vimetawanyika kama tangawizi. Tulimsukumiza ndani, Tom akishika kisigino na mimi nikisukuma bega, watu wamesimama mlangoni kutazama.

Akaingia. Akasimama. Akatembea kama kuku aliyekanyaga ulimbo.

"Kimbia basi," Tom akamwambia.

Akakimbia hadi kwenye bomba la maji. Akarudi amezibeba mkononi, amezifuta vumbi kwa adabu. "Ahsante, nyapara. Viatu ni vizuri. Vinafaa kwa kanisani."

Kwa hiyo si viatu. Jael angeona miguu ya ndugu yake angenielewa.

Alhamisi, 15 Agosti

Jana jioni Joab hakurudi. Nilidhani amepata akili na kulala mahali. Kumbe amelala ndani.

Askari alimkuta anakimbia upande wa Makupa, kifua wazi, hana kipande. Alikiacha chumbani. Karatasi ile ya serikali, yenye alama za vidole vyake na majina ya mabwana wote aliowafanyia kazi, iko katika kikopo cha bati kama vya watu wote, na kikopo kile kikining'inia shingoni mtu hawezi kukimbia nacho. Askari akamwambia Mwafrika anayekimbia bila kipande ni mwizi au mtoro. Joab akasema anajifunza marathoni. Askari akasema hiyo marathoni ataieleza asubuhi.

Tom amekwenda kumtoa. Njiani amemwambia wazi: safari ya pili anamfuta kwenye kundi, arudi kwao na mbio zake.

Joab ameingia kazini moja kwa moja, bila kula. Hakunung'unika. Hilo ndilo linaloniudhi kwake. Mtu amelala sakafuni na chawa, anakuja anasema Bwana asifiwe, anabeba gunia.

Jumapili, 18 Agosti

Sasa anakimbia na kikopo shingoni. Unamsikia kabla hujamwona. Kwetu mbuzi kiongozi hufungwa kengele, ndivyo alivyo. Watoto wa Majengo wanampigia mlio ule kwa vikopo vyao.

Leo aliporudi kutoka kanisani alivua shati upesi kabla sijageukia ukuta. Nimeona. Katikati ya kifua, pale bati linapogonga, pamechubuka na kutoa maji. Hapa ni maili nne au tano tu kwa jioni. Je, ishirini na sita?

Nikamwambia akifunge kwa kitambaa. Amejaribu, anasema. Jasho linaingia. Akafungua kikopo kunionyesha, na karatasi imeanza kuvimba pembeni, wino wa jina la bwana mmoja umetanda kama uji. Kipande kikiharibika ni kesi nyingine.

Nilikaa nikatazama kile kikopo. Halafu nikajua zawadi. Si viatu, si mizizi. Mfuko wa ngozi, mwembamba, wa kufunga kwenye mkono juu ya kiwiko. Usiruke, usigonge, usiingize jasho.

Wenzangu wote wametoa mashauri ya miguu. Mimi kuli, darasa la nne, nimefikiria kifua. Nimefurahi peke yangu mpaka nikaona haya.

Jumanne, 20 Agosti

Baada ya kazi nimekwenda Mji wa Kale. Sipapendi. Njia ni nyembamba, mtu wa bara akipita wanamnyamazia mpaka apite, ndipo wanaendelea. Nimeelekezwa kwa fundi Jamaldin, mshona makubadhi. Duka lake ni tundu tu chini ya nyumba ya mawe. Amekaa chini kati ya ngozi, miwani imefungwa kwa uzi.

Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya kazi, hali ya afya. Jua linatua, mtu amefunga, lakini salamu hawapunguzi hata moja.

Nikamweleza. Hakucheka. Wa kwanza kutocheka.

"Nimefahamu," akasema. "Kwani mimi hushona nini kila siku?" Akaonyesha msumari ukutani. Pamening'inia vipande vidogo vya ngozi, vya mraba, vimeshonwa vizuri sana. Nikauliza ni vya nini.

"Hirizi. Mwalimu huandika, mimi hushona. Mtu aoga nayo, alala nayo, alima nayo. Karatasi haioni maji miaka kumi."

Nikasogea nyuma kidogo. Lakini kazi ni safi, siwezi kusema uongo.

Tabu ni siku. Kila mtu mjini anataka makubadhi mapya ya Idi. Ameniambia nije Ijumaa ya tarehe thelathini, asubuhi, na karatasi yenyewe mkononi, maana yeye hashoni kwa kukisia. Nikamwambia mbio ni Jumamosi yake. Akasema basi tuna siku nzima ya ziada, pupa ya nini?

Ijumaa, 23 Agosti

Simiti. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 28 Agosti

Mwezi umeandama. Bi Mwanakuu ametuletea sahani ya pilau, akasimama kuhakikisha tunakula. Joab akala, kisha akaondoka kwenda kukimbia, tumbo limejaa wali na nyama. Alirudi mapema kuliko siku zote. Ameshika mbavu.

Kifua chake kimekuwa kibaya zaidi. Anapaka mafuta ya taa.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku ndefu. Niandike yote.

Tom amempa Joab ruhusa ya leo alale. Mimi zamu yangu ilikuwa ya mchana. Asubuhi, Joab amelala chali kama maiti, nikafungua kikopo polepole, nikatoa kipande, nikarudisha kifuniko. Nilitoka nikinyata ndani ya chumba changu mwenyewe. Nilipofika njiani nikakumbuka nina vipande viwili, changu na chake, na askari akinikuta navyo nitasema nini? Nikapita kwa vichochoro.

Jamaldin alikuwa amevaa kanzu mpya. Ya Idi. Juu yake amefunga kipande cha gunia asiichafue. Akakichukua kipande, akakitazama pande mbili, akakikunja pale pale kilipozoea kukunjwa.

"Huyo mtu wako hutoka jasho sana?"

"Kama mtungi mpya."

"Na wewe wataka lisiingie."

"Hata tone."

"Haya. Nenda ukanywe kahawa, urudi."

Nilikunywa vikombe vinne vya kahawa chungu. Niliporudi alikuwa amemaliza. Kitu kipana kama kiganja, chembamba, ngozi ya kahawia, amekipaka mafuta hadi kinang'aa. Mshono wa uzi wa nta umezunguka pande zote nne, tundu juu ya tundu, hata kucha haipiti. Kamba mbili za kufungia mkononi. Nimekaa Mombasa miaka tisa, sijamiliki kitu kizuri namna ile.

"Hata akipiga mbizi Kilindini, karatasi haitorowa," akasema. "Na nimemsomea Fatiha. Hiyo sikuuzii. Ni Idi."

Nikamshukuru. Nilikwenda kazini nimekiweka ndani ya shati, na zamu nzima sikusikia uzito wa gunia. Upumbavu mtupu.

Jioni nikampa. Alikuwa ameshajua kwamba kipande hakipo, amepekua chumba kizima, mkeka wangu umegeuzwa juu chini. Hakuniuliza. Alikuwa amepiga magoti tu anaomba. Nikasema, "Shemeji, hiki hapa. Zawadi yako. Kutoka kwangu na kwa dada yako." Nikamweleza habari ya jasho, na ya kifua.

Akakipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Shemeji," akasema, "hii ni hirizi."

"Ni kipande chako."

"Kipande kimo ndani ya hirizi."

Nikamwambia ngozi ni ngozi, hata Biblia yake ina ngozi. Joab ameokoka. Alipookoka alisimama mbele ya kanisa zima na kutupa motoni vitu vya babu yake, na mama yake hakumsemesha mwezi mzima. Najua hayo yote. Nilikuwa nayajua tangu nilipomsogelea Jamaldin. Sikuyafikiria. Nilikuwa nimejaa sifa zangu.

Hapo Bi Mwanakuu akachungulia mlangoni. "Ee! Sasa Mjaluo amepata akili. Mwalimu gani alomwandikia?"

Nilitaka kuufunga mlango juu ya pua yake.

Joab akaomba tena, kwa muda mrefu. Nilisikia jina langu mara mbili, na sikupenda lilivyotajwa. Kisha akainuka, akafunga kamba mkononi, juu ya kiwiko, akavuta fundo kwa meno.

"Umenipa wewe," akasema. "Zawadi ya shemeji hairudishwi. Mungu anajua kilichomo."

Akarukaruka mahali pamoja. Hakikugonga. Hakikutikisika. Akapandisha na kushusha mkono, na uso wake ukabadilika kidogo, akaruka tena kama mtoto. Nikageukia ukuta, ingawa alikuwa amevaa.

Jumamosi, 31 Agosti

Asubuhi, kiwanjani. Naandika juu ya goti. Joab amejipanga mstarini pamoja na wengine kungoja namba. Wakimbiaji thelathini hivi. Wengi pekupeku kama yeye. Wazungu watatu wana viatu vyeupe na wanajinyoosha kama paka. Tom yupo, Dzoro yupo, na ndugu wa kanisa wa Joab wamekuja na ngoma moja, wanaimba. Upande wa pili Bi Mwanakuu amekaa ndani ya buibui lake na shoga zake, anasema kila mtu asikie, yule mwembamba ni wa nyumba yangu.

Meza ina karani. Kila Mwafrika anafika, anafungua kikopo chake, anatoa kipande, karani anasoma jina, anaandika, anampa namba ya kitambaa. Anafungua. Anatoa. Anasoma.

Anafungua.

Mimi ni mjinga kiasi gani? Kipande ni cha kuonyeshwa. Hakina kazi nyingine duniani ila kuonyeshwa. Nimemkabidhi mshona hirizi karatasi, nikamwambia lisiingie hata tone, naye amefanya kazi yake. Kitu kisichoingiza jasho hakina mlango.

Wako wanne mbele yake.

Baadaye kidogo, hapo hapo. Karani akasema, "Kipande." Joab akanyoosha mkono. "Kimo humu, bwana." "Kitoe." Joab akaigeuza ngozi, akatafuta kwa kucha upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jasho likaanza kumtoka hata kabla ya mbio.

"Hakina mdomo, bwana."

Watu wakacheka. Wa nyuma yake, mtu wa kundi la makaa, akapaza sauti: "Bwana, huyu amejifunga dawa! Sisi tukimbie kwa miguu, yeye akimbizwe na majini?" Na wengine: hatukimbii naye, hatukimbii naye. Ngoma ya kanisa ikanyamaza. Mzee wa kanisa amevua kofia, anaitazama ndani kama kuna kitu amekipoteza humo. Bi Mwanakuu tu ndiye anayepiga vigelegele, Mungu amsamehe.

Karani amemwambia akae kando. Bila kipande hakuna namba. Na mwenye dawa hakimbii. Kama ni kipande kweli, kifunguliwe hapa mbele ya watu, kabla Bwana mkubwa hajapiga bastola. Dakika kumi.

Nilikwenda nikamwambia karani hiyo ni kazi yangu, mwenzangu hana kosa. Hakuniangalia.

Basi tumekaa kwenye nyasi, mimi na Joab. Dzoro amekimbia kutafuta wembe kwa kinyozi. Hata Dzoro leo anakimbia. Nimeipapasa ngozi. Jamaldin ameivuta hadi imegandamana na karatasi. Huwezi kujua kwa kidole uzi unaishia wapi na kipande kinaanzia wapi. Wembe ukiteleza unakata alama za vidole. Kipande kilichokatwa ni kibaya kuliko kisichokuwepo. Hapo si mbio tu zinazokwenda. Ni kazi, ni chumba, ni Ketty, na Joab mwenyewe kulala ndani tena.

Nikamwambia afadhali akate Tom, mikono yake ni laini, siku hizi habebi. Mimi vidole vyangu baada ya simiti ya wiki nzima havifungi hata kitufe.

Joab akasema, "La. Umenipa wewe. Ukate wewe, shemeji."

Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Baba yangu alinikataza hata kumnyoa ndugu wa mke, chuma chenye makali kisikaribie mwili wake, na huyu anaujua mwiko huo kama mimi. Ameujua na amenyoosha mkono hivyo hivyo, ameuweka juu ya goti langu, kando ya daftari hili. Mkono mwembamba. Umetulia. Ndugu zake wote wanaona.

Wazungu wamejipanga kwenye mstari wa chokaa. Bwana mkubwa anatazama saa yake. Dzoro anakuja, ameinua wembe juu watu wampishe.

Nimeishika penseli hii kwa sababu nikiiacha itanibidi nishike wembe.